Boma la Mpala na Wenyewe

Mwanafunzi mmoja wa Masisi ametuletea swali. Katika kitabu chake cha masomo ameona picha ya nyumba kubwa ya mawe, yenye minara na madirisha membamba, na chini yake imeandikwa kwamba ni ngome ya Uskoti, iliyokaliwa na ukoo mmoja kwa miaka zaidi ya mia sita. Anauliza: je, na sisi katika Kongo tunazo nyumba za namna hiyo, zenye habari zake na wenyewe wanaojulikana kwa majina? Ama wazee wetu walijenga kwa miti na majani tu, mvua ikaja, habari ikaisha?

Swali ni jema, wala tusilicheke. Tuanze na nyumba ya pichani. Jina lake ni Glamis. Mwaka 1372 Robert wa Pili, mfalme wa Uskoti, alimpa nchi ile mtu wa baraza lake aitwaye John Lyon, na miaka michache baadaye akamwoza binti yake Joanna. Tangu siku zile ukoo wa Lyon umeshika, ijapokuwa jina limerefuka likawa Bowes-Lyon. Mama yake Elizabeth wa Pili, yule malkia wa Uingereza aliyefariki mwaka 2022, alikuwa binti wa ukoo huo, na siku nyingi za utoto wake alizipitisha humo. Lakini kijana wetu asidhani kwamba walikaa raha mustarehe muda wote. Mwaka 1537 mfalme James wa Tano, aliyeuchukia ukoo wa Douglas, alimshitaki Janet Douglas, mjane wa bwana wa Glamis, kwamba alitaka kumwua kwa sumu. Mwanamke yule akachomwa moto mbele ya watu huko Edinburgh, mwanawe akatiwa kifungoni, na mfalme akaitwaa nyumba yao kuwa yake. Kijana hakurudishiwa urithi wake mpaka mfalme alipokufa. Hayo picha haiyaonyeshi.

Sasa tuje kwetu. Ningeweza kuwapeleka Mombasa, kwenye ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini habari zake zimekwisha kuandikwa sana. Afadhali twende mahali panapotuhusu zaidi sisi wa Masisi na Walikale, ijapokuwa ni mbali kwa miguu. Ukitoka Goma ukavuka Kivu mpaka Bukavu, ukashuka Uvira, ukaifuata pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, utapita Kalemie. Kisha, kabla ya kufika Moba, utaona mto Lufuko unamwaga maji yake ziwani. Hapo ndipo Mpala. Palijengwa boma mwaka 1883, na katika muda wa miaka kumi tu boma lile lilibadilisha mabwana mara nyingi kuliko Glamis katika miaka mia tatu.

Nchi ya nyuma ya Mpala ni milima ya Marungu, nayo ni nchi ya Watabwa. Ajabu ni kwamba mmoja wa Wazungu wa kwanza walioipita na kuandika habari zake alikuwa Mskoti, Joseph Thomson, mtoto wa fundi wa mawe, kijana ambaye hakuwa amepata kuona mengi ya ulimwengu. Mwaka 1879 mkuu wake alikufa njiani, naye akaachiwa msafara wote akiwa na umri wa miaka ishirini na moja. Sema ukweli, aliyeuongoza msafara ule alikuwa Chuma, yule yule aliyesaidia kuuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Katika Marungu walifika kwa mtu mkubwa aitwaye Lusinga. Lusinga alikuwa na bunduki na askari. Alivivamia vijiji vya jirani, akawakamata watu na kuwauza kwa wafanya biashara wa ziwani. Thomson akamwandika kuwa mtawala mwenye kiu ya damu. Shikeni jina hilo la Lusinga, maana tutalirudia.

Mwaka 1876 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa ameanzisha huko Brussels Shirika la Kimataifa la Afrika. Alisema kusudi lake ni kuijua nchi na kukomesha biashara ya watumwa. Mengine aliyokusudia moyoni dunia iliyajua baadaye. Watu wa shirika hilo walijenga kituo cha kwanza mwaka 1879 kule Karema, pwani ya mashariki ya ziwa, penye nchi inayoitwa Tanzania leo. Kisha akaja afisa Mbelgiji, Émile Storms, akavuka ziwa mwaka 1883 kutafuta mahali pa kituo cha pili. Sultani wa mahali pale, Mpala, akampokea, wakachanjana udugu wa damu.

Hapa natulia kidogo, maana ni mlango wa habari yote. Kwa mwafrika wa siku zile, ndugu wa damu aliyepewa mahali pa kukaa ni mgeni aliyeheshimiwa: analima, anajenga, anasaidiwa vitani, naye anasaidia. Lakini nchi yenyewe haikutoka mikononi mwa wenyewe, wala haiwezi kutoka, kwa sababu si mali ya sultani peke yake bali ni ya wazee waliozikwa humo na watoto ambao hawajazaliwa. Storms alielewa vingine. Alijenga boma lenye kuta nene za matofali ya udongo, akaweka askari wake, Waungwana wa Zanzibar na rugaruga wa Unyamwezi, akaanza kukata mashauri na kudai utii kwa masultani wa mbali. Baada ya mwaka mmoja aliyekuja kama mgeni alikuwa anasema kama mwenye nchi. Watu wa Masisi wanaosoma hapa labda wametikisa kichwa. Nitakuja kwao baadaye.

Lusinga hakukubali kutii. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walipanda milimani mpaka kijijini kwake. Storms mwenyewe hakwenda. Walijifanya wamekuja kwa amani. Lusinga alipotoka kuwalaki wakampiga risasi, wakamkata kichwa, wakakichoma kijiji na kuwateka watu. Kichwa kililetwa Mpala. Basi katika boma lile, lililojengwa kwa jina la kuwaokoa watumwa, lilitunzwa fuvu la kichwa cha mtu, ambalo Storms alilisafirisha mpaka Ubelgiji pamoja na mafuvu mengine mawili na vitu vingi vya nyumba ya Lusinga. Kati ya vitu hivyo ilikuwa sanamu ya mti, mfano wa mzee wa ukoo wake, kazi ya mikono ya fundi hodari sana.

Msomaji mmoja atasema: lakini Lusinga mwenyewe aliuza watu. Ni kweli, na mama walionyang'anywa watoto wao hawakumlilia. Hata hivyo mwizi akikamatwa hukatwi shauri lake kwa kumvizia mlangoni pake, na maiti ya mtu, hata ya mwovu, si mali ya kubeba sandukuni. Jambo hili wazee wetu walilijua kabla ya kuona katekismu.

Storms hakulikaa boma lake siku nyingi. Mwanzo wa mwaka 1885 mkutano wa Berlin ulikwisha. Wazungu walikuwa wamepatana wenyewe kwa wenyewe juu ya bara letu, na nchi ya Karema ikaangukia upande wa Wajerumani. Leopold sasa alitaka kuitia nguvu yake yote katika Kongo ya magharibi, kwenye mto mkubwa. Vituo viwili vya Tanganyika vikawa mzigo. Mfalme akamtolea Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wapadri Weupe, avichukue vyote viwili. Kardinali akakubali mara moja. Julai 1885 Padri Moinet na Padri Moncet walifika Mpala, wakapokea kuta, bunduki, bustani, askari, na mashauri ya watu. Fikirini ninyi: mapadri wawili waliokuja kufundisha Baba Yetu wakaamka asubuhi wakiwa watawala wa nchi, watu wamekaa uani wakingoja hukumu ya mbuzi aliyeibiwa.

Lavigerie hakuona ubaya katika hilo. Alikuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, mahali ambapo mtumwa akikimbilia hakamatwi tena. Alijua pia kwamba padri hafai kushika bunduki. Kwa hiyo alitafuta mtu wa kuishika badala yake, akampata Léopold Joubert, Mfransa aliyezaliwa mwaka 1842, aliyekuwa askari wa Papa huko Italia na kupigana Castelfidardo na Mentana. Joubert aliingia Mpala mwaka 1887. Mwaka uliofuata alimwoa Agnes Atakae, binti wa nchi hii, kwa ndoa halali kanisani. Leo jambo hili laonekana dogo. Siku zile wazungu wengi waliishi na wanawake wa Kiafrika bila ndoa, kisha wakapanda meli wakawaacha na watoto wao. Joubert hakurudi Ulaya tena. Alikaa na mkewe karibu miaka arobaini, wakazaa watoto, na wawili kati ya wana wao walipata upadri. Alikufa mwaka 1927, akazikwa katika nchi ya ziwa hilo.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Mwenye nguvu katika kaskazini ya ziwa alikuwa Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, wa Ujiji. Watu wake na washirika wake walizunguka vijijini wakitafuta watu na pembe. Joubert alihamia Mrumbi, kusini ya Mpala, akajenga boma jingine na kuwafundisha vijana wa vijiji kuzilinda nyumba zao. Msaada wa Ulaya ulikuwa mbali sana. Barua peke yake ilisafiri miezi. Mwaka 1891, watu wa chama cha kupinga utumwa walipomtuma Kapteni Jacques na wenziwe, hatari ilikuwa imekwisha kufika mlangoni. Jacques alijenga kaskazini zaidi kambi ya Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, nayo pia ikazingirwa mwaka 1892. Nguvu ya Rumaliza ilivunjika mwaka 1894 mbele ya majeshi ya Dola ya Kongo. Tangu hapo Dola ilijivutia mambo ya utawala kidogo kidogo, na ufalme wa Kikristo wa Lavigerie, ambaye alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1892, ukabaki jina.

Tuseme nini juu ya mapadri na boma lao? Mimi ni mtoto wa misioni. Niliandika herufi zangu za kwanza kwenye kibao cha misioni. Sitawatukana walionifungulia mlango. Watu walikombolewa kweli, mamia yao. Walioletwa wakiwa watoto wasio na jina la baba walipata nguo, chakula, ulinzi, na shamba. Lakini waliambiwa pia pa kujenga, saa ya kulala na mtu wa kuoa. Walioasi waliadhibiwa na yule yule aliyewaungamisha, ama na askari wake. Boma lina tabia yake. Likijengwa kwa ajili ya vita, hata mtakatifu akihamia humo atasikia kuta zikimwambia afunge lango. Nadhani mapadri wengine walilisikia jambo hilo wao wenyewe, maana walifurahi walipopunguziwa mzigo wa hukumu.

Katika kuta zile, hata hivyo, lilianza jambo ambalo Storms asingaliliwaza. Monsinyori Victor Roelens, Mbelgiji, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1896, alikuwa ameanzisha misioni kubwa ya Baudouinville mwaka 1893, ndipo Kirungu ya Moba leo. Alitaka mapadri wenyeji. Watu wengi wa Ulaya, na baadhi ya mapadri, walicheka: mwafrika atajuaje Kilatini, atawezaje kukaa bila mke? Roelens akawakusanya wavulana Mpala, akaanza nao. Kati yao alikuwa kijana wa Marungu, Stefano Kaoze. Aliingia mwisho wa karne ya 19, akasoma Kilatini, Kifransa, falsafa na teolojia. Kabla hajapata upadri alikwisha kuandika juu ya fikira na roho za watu wake katika gazeti la wasomi la Ubelgiji, mwaka 1910. Tarehe 21 Julai 1917 Roelens alimpa daraja ya upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi. Alikufa mwaka 1951.

Hapo ndipo habari ya Mpala inapogusa Masisi na Walikale. Siku zile vikariati ya Roelens ilipanda mpaka Kivu. Mapadri waliokuja juu kwetu walitoka upande wa ziwa lile, wakileta vitabu vyao na Kiswahili chao. Kivu ilitengwa kuwa vikariati peke yake mwaka 1929, na Goma ikawa jimbo mwaka 1959. Bibi yako anayesali Salamu Maria kwa Kiswahili jikoni, na nyumbani anasema Kihunde ama Kinyanga, anatumia lugha iliyopita katika lango la Mpala.

Nirudie swali la mwanafunzi: mwenye boma ni nani? Glamis huenda kwa mwana wa kiume, na kitabu cha ukoo kinasema. Kwa Watabwa urithi haupiti kwa baba. Unatoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake, na mrithi hupokea jina pamoja na kiti, hata anaposema habari za mjomba wake wa zamani anaweza kusema "mimi". Wahunde na Wanyanga, wanaofuata upande wa baba, wataona hayo mageni, lakini ndiyo sheria ya huko. Kwa sheria hiyo hata Mpala na Lusinga hawakufa. Wanaishi katika warithi wao. Storms hakuacha mrithi Mpala. Joubert aliacha wana. Misioni ni ya jimbo la Kalemie-Kirungu. Kila mmoja ana neno lake, na hakuna karatasi moja inayoyajumlisha yote.

Wale wa Masisi watanielewa, kwa sababu wao wameona hayo kwa macho. Mwaka 1928 iliundwa Halmashauri ya Kitaifa ya Kivu, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa Wazungu wenye mashamba. Milima ya malisho na ya kahawa, chai na pareto ikatiwa mipaka kwenye ramani. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza mali za wageni zitwaliwe, na mashamba yale yakaangukia mikononi mwa wachache waliojua mlango wa kupita. Aliyekuwa akilima ukingoni kwa idhini ya mwami aliona mabwana watatu katika maisha yake, wala hakuna aliyemwuliza. Vita vya tangu 1993 vimeongeza mengine. Walikuwako watu katika kambi za Goma ambao walitembea na ufunguo mfukoni kwa miaka, ufunguo wa nyumba ambayo huenda haina mlango tena. Mtoto anayeuliza kama sisi tunazo nyumba zenye historia, na atazame ufunguo huo.

Na fuvu la Lusinga? Storms alikufa mwaka 1918. Vitu vyake vilikwenda kwenye jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels. Sanamu ya mzee wa ukoo wa Lusinga iliwekwa huko na ikasifiwa na wasomi wa sanaa wa dunia nzima. Mafuvu matatu yalihamishwa mwaka 1964 kwenye taasisi ya elimu ya viumbe ya Brussels, yakakaa rafuni pamoja na mifupa ya wanyama. Storms mwenyewe alitengenezewa kichwa cha shaba, kikasimamishwa katika uwanja mmoja wa Ixelles, watoto wakacheza chini yake. Mwaka 2020 mtu alikimwagia rangi nyekundu. Tarehe 30 Juni 2022, sikukuu ya uhuru wetu, siku kumi tu baada ya jino la Lumumba kukabidhiwa jamaa yake huko Brussels, watu wa serikali ya mji walileta gari wakakiondoa kichwa cha Storms wakakipeleka makumbusho.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutavuka ziwa mpaka boma la pili, lile la Karema. Huko tutamwona Adrian Atiman, mtoto aliyeibwa karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 akakaa akitibu wagonjwa mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mwenye maswali mengine na ayaandike kwa wino na kwa herufi kubwa, maana macho ya mwandishi wenu yamechoka.